Kwa Vlasta Kudrna, Uliyeshinda Uchaguzi Ukiwa Kaburini

Mwaka umekatika, Vlasta, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipokaa kwenye benchi la mlangoni kuvaa viatu vya kazini. Ulivaa kimoja. Mimi nilikuwa jikoni nikimimina kahawa kwenye chupa yako. Nikakuita, nikadhani hujibu kwa sababu unasoma kitu kwenye simu. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukupata hata nafasi ya kuumia. Tumeshika hilo, kwa kuwa hatukupewa jingine la kushika.

Ninayeandika ni mimi, mumeo Emmett, kwa niaba ya nyumba nzima. Aliyepaswa kuandika ni binti yetu Rozi. Alikuja Jumapili kutoka Omaha anakofanya kazi ya uuguzi, akakaa na karatasi tangu tulipotoka kanisani mpaka ng'ombe wakaanza kudai chakula, kisha akanisukumia.

"Baba, andika wewe. Mimi kila nikianza inakuwa ripoti ya zamu."

"Mimi mkulima, Rozi. Nitaandika nini?"

"Mwandikie kama unavyoongea naye kule zizini."

"Nani kakwambia naongea naye zizini?"

"Lyle."

Mwanao Lyle hana siri, na sikumbishia.

Ukweli ni kwamba hatuna maneno mazuri. Watu wakituuliza hali tunajibu salama. Tunakula, tunalala, mahindi yamekomaa na tumeanza kuvuna. Rozi anasema hii inaitwa ganzi na kwamba itaisha. Mimi najiona kama mtu aliyechomwa sindano kwa daktari wa meno, anagusa shavu lake na kuona ni la mtu mwingine.

Watu wa Kaunti ya Stovall walikuchagua mara tano uwe mwendesha mashtaka wao, na kwa miaka yote hiyo hukuwahi kumwita mshtakiwa kwa jina la ukoo peke yake. Ilikuwa Bwana fulani, Mama fulani, hata kama alikuwa amelewa na kukutukana. Dukani ulikuwa unapanga foleni nyuma ya mtu uliyemfunga mwenyewe, na unamuuliza habari za mama yake. Mmoja wao, yule aliyeiba matrela, alikuja kwenye mazishi yako akabeba viti tangu asubuhi. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akasema, "Mzee, mkeo alinipeleka jela, lakini mbwa wangu alilelewa nyumbani kwako." Ni kweli. Yule mbwa alikula zulia letu.

Kupika hukujua. Tuseme tu, maana dada yako Albina atasoma hapa na atashangaa tukificha. Kolache zako, vile vimkate vya plamu, zilikuwa ngumu, na Albina alizoea kuishika moja, kuipima uzito mkononi, na kusema, "Shemeji, hii ikipatikana eneo la tukio, atafungwa mtu." Ulikuwa unacheka kuliko sisi sote. Kicheko chako kilikuwa kikubwa kuliko umbo lako, na jaji mmoja aliwahi kukuomba ukipunguze mahakamani.

Sasa niseme habari ya kesi, kwa sababu bila hiyo mwaka huu haueleweki.

Ramiro Tzoc alikuwa kibarua kwenye maghala ya nafaka ya Duane Havelka. Februari ya mwaka uliotuacha, mahindi yaligandia kwenye kuta za ghala, na Ramiro akaambiwa aingie ndani ayabomoe, mashine ya kuvuta mahindi ikiwa inaendelea kufanya kazi chini yake. Aliingia bila mkanda wala kamba. Mahindi yakamvuta kama maji yanavyovuta jani. Sisi sote tunaolima hapa tunajua jambo hilo, na sisi sote tumewahi kuingia ghalani bila kamba tukiwa na haraka. Ndiyo maana watu walisema ni ajali, maana wakisema vingine watakuwa wamejisema wenyewe.

Duane si mtu wa mbali. Alisimama nami kanisani siku ya ndoa yetu. Taa za uwanja wa mpira wa shule ameweka yeye, na nusu ya kaunti inamuuzia mahindi. Ile jioni uliponiambia unamshtaki kwa kuua bila kukusudia, tulikuwa mezani.

"Vlasta, huyu ni Duane."

"Najua ni Duane. Jina lake nimeliandika mimi."

"Ilikuwa ajali."

"Kamba ilikuwa imetundikwa ukutani, Emmett. Ukinyoosha mkono unaigusa. Alimwambia Ramiro aingie hivyo hivyo kwa sababu malori yalikuwa yamepanga foleni. Hilo nalo utaniambia ni ajali?"

"Watakunyima kura."

"Wataninyima. Nipe chumvi."

Nilikupa chumvi. Hatukulizungumza tena mpaka Julai, alipojitokeza mpinzani. Miaka yote uligombea peke yako kama mtu anayecheza bao bila mwenzake, na safari hii ukapata Preston Lindauer, wakili wa mjini, mwenye meno mazuri na gari jeupe. Hakukusema vibaya hata mara moja. Alisema tu kila mahali, "Msiba ni msiba, tusiugeuze kesi," na kila mtu akaelewa kwamba akishinda, kesi ya Duane atakuwa ameifuta kabla hajapata ufunguo wa choo cha mahakama. Mabango yake yakachipuka kwenye nyua za watu waliokuwa wakiweka yako. Tukipita barabara ya kanisa ulikuwa unaniuliza habari za mvua.

Nakumbuka karamu ya mavuno ya parokia kuliko siku nyingine yoyote ya kampeni ile. Hapa kwetu mgombea hahutubii kwenye karamu hiyo. Anavaa aproni, anapewa birika, anapita meza kwa meza akimimina kahawa, na haruhusiwi kuruka meza hata moja. Asiyekutaka hasemi kitu. Anafudikiza kikombe chake tu, na wewe unapita.

Ulipofika meza ya akina Havelka, vikombe vyote vilikuwa vimeshafudikizwa. Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Bata kwenye sahani yangu alikuwa amepoa, nikaendelea kumtazama yeye.

Ukasema, "Basi msije mkalalamika kesho kwamba kahawa ya kanisa haitoshi."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Ndipo mama mzazi wa Duane, yule bibi mwenye masikio mazito, akakigeuza kikombe chake kikakaa sawa, akakigonga mezani.

"Mama," Duane akamwambia, "acha."

"Nimekunywa kahawa hapa kabla hujazaliwa. Mambo ya kesi mtajua wenyewe. Mimina, Vlasta, na usininyime maziwa."

Ulimmiminia. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mikono yako ilikuwa inatetemeka, ukasema birika lilikuwa zito. Siku hizi Rozi anasema huenda ile ilikuwa dalili. Nimemwomba asinirudie tena hilo neno.

Wiki iliyofuata ukaketi kwenye benchi la mlangoni.

Tulikuzika upande wa wazazi wako. Chakula cha msiba kililiwa Ukumbi wa Sokol, ule wa jumuiya, na akina mama wa ukumbi wakaitundika picha yako ukutani, ile uliyopigwa kwenye maonyesho ya kilimo ukiwa umeshika mwana-kondoo na kumcheka mpiga picha. Walisema haitaondoka pale. Rozi alitutengenezea beji ndogo zenye picha hiyo hiyo, tukazibandika vifuani, na mimi yangu niliivaa hata zizini.

Kabla maua hayajanyauka akaja Georgiana Pospisil, msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, rafiki yako tangu mkiwa wasichana. Alikuwa na bakuli la supu na macho mekundu.

"Emmett, nina jambo, na sijui nikwambieje."

"Sema tu. La kunitisha limeshapita."

"Jina lake haliwezi kutoka. Karatasi za kura zimeshachapwa, nyingine zimekwenda kwa posta, na watu wameshaanza kuzirudisha."

"Kwa hiyo mke wangu bado anagombea."

"Kisheria, ndiyo."

"Na akishinda?"

"Kiti kitakuwa wazi, na baraza la kaunti litachagua mtu wa kukikalia."

Mwenyekiti wa baraza aliulizwa gazetini, akajibu waziwazi: watu wakimrudisha Vlasta, kiti atapewa msaidizi wake Corwin Teague, na kesi zake zote zitaendelea. Ila Lindauer akishinda ameshinda, na hapo kila mtu alijua Ramiro Tzoc atakuwa amekufa bila wa kuulizwa.

Mimi sikutaka. Nasema kweli mbele ya wote wanaosoma. Nilitaka uachwe upumzike, jina lako lisiwe kwenye midomo ya watu kama jina la farasi wa mashindano. Mwenyekiti wa chama chako alinipigia simu nikamwambia nina ng'ombe. Albina akaja, nikamwambia hivyo hivyo.

"Shemeji, ng'ombe hao hawaishi?"

"Hawaishi."

Kisha akaja Imelda, mjane wa Ramiro. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama pale pale mlangoni, karibu na benchi, watoto wake wakiwa ndani ya gari. Ananiita Don Emmett, ndiyo heshima ya kwao Guatemala.

"Don Emmett, pole."

"Na wewe pole."

Sote wawili tulikuwa tumeshaambiwa neno hilo na watu wengi, tukajua halifiki popote.

"Nimekuja kuomba, na naona aibu."

"Omba."

"Mimi hapa siruhusiwi kupiga kura. Dada yangu haruhusiwi. Kiwandani kwetu tunakopanga mayai, mwenye kura ni msimamizi peke yake, na yeye ni binamu wa Havelka. Mkeo alinishika mkono akaniahidi kesi itasikilizwa. Sasa yeye hayupo. Nimwombe nani?"

"Unataka nikawaambie watu wamchague marehemu?"

"Ndiyo."

"Watanicheka, Imelda."

"Wacheke. Wakimaliza kucheka, wapige kura."

Basi nikatoka, Vlasta. Mimi ambaye miaka yote nilikataa hata kugawa vipeperushi vyako, nikavaa shati la misa, Lyle akaendesha, tukaanza na barabara ya kinu. Walitucheka kweli. Jirani yetu wa kaskazini, yule mwenye nyuki, alifungua mlango akaniangalia toka juu hadi chini.

"Emmett, mimi napenda mgombea anayepumua."

"Na mimi nilikuwa nampenda hivyo hivyo," nikamwambia. "Lakini huyu wangu hahongeki, hatishiki, na hatakupigia simu ukiwa unakula."

Alikohoa, akaingia ndani, akarudi na chupa ya asali, akasema tutaona. Lyle aliyasikia yote dirishani. Alianza kucheka tukiwa barabarani, akacheka mpaka ikabidi asimamishe gari kando, na kicheko chake kikageuka kuwa kilio. Mimi nilishika asali yangu nikamsubiri. Ningependa kukwambia kwamba nilimkumbatia. Nilikaa tu.

Siku ya kura tulikwenda Ukumbi wa Sokol, kwa maana huko ndiko tunakopigia kura siku zote. Niliingia nikatazama ukutani, nisikuone. Mahali pa picha yako palikuwa na kitambaa cha meza, kile cheupe chenye nakshi za kushonwa kwa mkono, kimefunikwa juu ya fremu na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Georgiana alikuwa amesimama chini yake.

"Umemfunika," nikasema.

"Ilibidi. Sura ya mgombea haitakiwi kwenye chumba cha kura."

"Georgiana, huyu ni maiti."

"Ni mgombea pia. Lindauer ameleta wakala wake, yule pale kwenye dirisha, na akiandika malalamiko wanaweza kukataa kura za kituo kizima. Na hiyo beji, ndugu yangu. Itoe."

"Hii ni ya msiba."

"Najua ni ya msiba. Ninayo ndani ya mkoba. Itoe, tafadhali, usinifanye niseme tena."

Alikuwa analia huku akinyoosha mkono. Nikakumbuka mwaka ule ulipokuja kupiga kura na ukakuta mzee Albert amevaa kofia ya mgombea ugavana, ukamsimamisha pale pale mpaka akaivua na kupiga kura kichwa wazi, na upara wake wote. Ungekuwepo ungempa Georgiana haki. Pengine ungemkumbusha afunike na ile kalenda ya jikoni ya ukumbi, yenye saini yako. Niliibandua beji nikampa, nikaona kifua kimekuwa chepesi vibaya.

Ndani ya kile kibanda nikasoma jina lako. Vlasta M. Kudrna. Miaka yote nimelijaza duara lako kwa haraka, nikiwaza kazi zinazoningoja nyumbani. Safari hii kalamu ilinikalia mkononi. Nilikuwa nimeshakuchagulia jeneza, nguo na jiwe, na hili ndilo lilikuwa jambo la mwisho ambalo mtu angenitaka nikufanyie. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa. Nikalijaza duara, nikatumbukiza karatasi, nikaenda zangu.

Ulishinda. Kura ulizomzidi nazo ni za watu wanaoweza kuenea kwenye basi moja la shule na nafasi ikabaki. Lindauer alikuja mwenyewe mahakamani, matokeo yaliposomwa, kunipa mkono, na hilo nampa.

"Pole, mzee. Na hongera. Sijui nianze na lipi."

"Anza na lolote."

Nyumbani kwetu palijaa watu. Albina alileta kolache zinazolika, Corwin akalia kwenye mlango wa friji, mwenye nyuki alikuja na asali nyingine, na kila mtu alinipiga begani. Nilitafuta furaha nisiione. Nikatafuta huzuni, nayo sikuiona. Nikachukua koti nikaenda kuwapa ng'ombe maji, na walikuwa wameshapewa.

Mwenyekiti wa baraza hakurudi nyuma kwenye neno lake. Kesi ilisikilizwa Mei. Corwin aliiendesha kama ulivyomfundisha, akimwita Duane "Bwana Havelka" mwanzo mpaka mwisho. Wananchi kumi na wawili waliochaguliwa kuamua kesi, nusu yao wakulima, waliingia chumbani wakakaa humo siku nzima, wakatoka na neno moja: ana hatia. Jaji akampa mwaka mmoja jela ya kaunti. Wapo waliosema ni mkubwa, wapo waliosema ni mdogo, na kwenye maghala siku hizi hakuna anayeingia bila kamba. Mimi mahindi yangu nayapeleka kaunti ya jirani. Mama yake Duane bado ananisalimu kanisani. Wengine wa ukoo huo hawanisalimu, na siwalaumu.

Baada ya hukumu nilibaki kwenye ukumbi wa nje wa mahakama, karibu na ofisi yako ya zamani. Jina lako walikuwa hawajaliondoa mlangoni. Imelda akaja akasimama kando yangu. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini alikuwa amesimama wima, jambo ambalo sikuwahi kumwona nalo.

"Don Emmett, leo wamesema kwa sauti nani aliyemuua Ramiro. Nimesikia kwa masikio yangu. Sasa naweza kwenda kulala."

"Nafurahi, Imelda." Nilisema tu, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Akanigeukia.

"Na wewe? Wewe unamshtaki nani?"

Nilitafuta, Vlasta. Nilipita kwa daktari, kwa Duane, kwa Lindauer, kwa birika la kanisa, kwa mimi niliyekuwa jikoni. Wote wangekwenda nyumbani huru, na wewe ungekuwa wa kwanza kuwaachia.

"Sina," nikamwambia. "Sina hata mmoja."

"Basi lia," akasema.

Nikalia. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile nililia, kwenye korido ya mahakama, mchana, watu wakipita na mafaili yao, mpaka yule mama aliyefiwa kuliko mimi akanishika kiwiko nisianguke. Nilikulilia kwa sauti. Nilikuita jina. Kesho yake ganzi ilirudi, na mpaka leo ninapoandika iko hapa, lakini nimeshajua kilicho chini yake. Ni wewe.

Anayekukumbuka ni mimi, mumeo Emmett. Mwanao Lyle na mkewe Corinne. Binti yako Rozi. Dada yako Albina Maresh. Na ukoo wote wa Kudrna na wa Maresh. Pamoja nasi ni Imelda Tzoc na wanawe, walioomba majina yao yawekwe hapa kati ya ndugu, nasi hatukuona mahali pengine pa kuyaweka.

Kukusahau hatujui, Vlasta, wala hatutajifunza.